Maneno ya Mabomba Mbele ya Washenga

Kwa Bi. Gladys Kamande,
Mkuu wa Chuo cha Ufundi cha Kisimani.

Kutoka kwa Bi. Chiku, mjane, mwenye nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya msikiti, Shella, Malindi.

MINTARAFU: MANENO MLIYOMFUNDISHA BINTI YANGU, NA POSA ILIYOHARIBIKA KWA SABABU YA MANENO HAYO

Bi. Mkuu,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini nakiheshimu kiti unachokikalia. Ikiwa u mdogo kwangu, tafadhali nirudishie shikamoo yangu kwa njia ya posta.

Mimi ni mama wa binti mmoja tu, Sahla, ambaye yuko kwenu mwaka wa pili. Alipotaka kujiunga nanyi aliniambia anakwenda kusomea mambo ya maji. Nami, kwa kuwa ni mtu wa dhana njema, nikaona ofisi: kiti cha kuzunguka, feni juu ya kichwa, na muhuri mezani. Nikamsomea dua na kumfungia mahamri. Hakuniambia kwamba maji yenyewe ni yale yanayopita chini ya choo.

Hata hivyo sina ugomvi na maji. Maji ni neema. Ugomvi wangu ni na maneno. Fundi wa viatu ana maneno yake, fundi wa saa ana yake, na sijapata kusikia posa ikivunjika kwa sababu ya sindano ya fundi viatu. Haya ya mabomba lakini, naamini yalitungwa na mtu aliyefukuzwa kwenye kila nyumba aliyoingia, akaapa kwamba wenye nyumba watajuta. Nayaorodhesha hapa chini pamoja na madhara yake, ili usiseme hukuambiwa.

(1) Dume na jike.

Ijumaa moja, baada ya swala ya alasiri, waliingia kwangu washenga kutoka Mambrui kumposea Mahir. Nikujulishe watu hawa, maana ni watu wa kujulikana, na wenyewe ndivyo wasemavyo. Mahir ni kijana mwenye duka la vitambaa. Yaani duka ni la baba yake, naye ndiye anayekaa ndani yake. Baba yake ni Mzee Stambuli, aliyekuwa karani wa forodha, na ambaye mpaka leo akikuona na kikapu hukitazama kama anayetaka kukipekua. Dada yake Mzee Stambuli ni Bi. Mwanahija, ambaye hakuzaliwa akicheka na hajaona sababu ya kuanza.

Nilikuwa nimefukiza udi tangu adhuhuri. Halwa ilikuwepo, kahawa ilikuwepo, kaimati zilikuwepo. Kaka yangu, ambaye ndiye walii wa Sahla, yaani msimamizi wake wa ndoa, alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Mzee Stambuli akaanza hotuba: kwamba wao wameona ua katika bustani yetu, na wamekuja kwa adabu kuomba kulichuma. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, natafuta chozi la kiasi.

Hapo ndipo simu ilipolia chumba cha ndani. Aliyepiga ni Janet, mwanafunzi mwenzake Sahla, aliyekuwa Bofa akitengeneza bafu la nyumba ya wageni, na maji yamemrukia mpaka usoni. Kuta za nyumba yangu ni nene, lakini hazifiki juu kwenye dari. Sahla hakunong'ona. Mtandao ulikuwa mbaya, kwa hivyo alipaza sauti ili Bofa nzima isikie:

"Janet! Sikiliza, Janet! Usililazimishe! Hilo dume lako kubwa, na jike ni dogo, haliingii!"

Mzee Stambuli alikuwa amefika kwenye neno "bustani", akabaki humo humo.

"Wallahi utalipasua! Lirudishe nyuma, polepole, ulitoe! Tafuta ridyusa! Nakwambia bila ridyusa haliingii!"

Kaka yangu alianza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Bi. Mwanahija aliweka kikombe chini, kikombe kikasema.

Baadaye Sahla alinieleza, kwa kutumia chupa ya marashi. Shingo ya chupa ina mikato ya kuzunguka kwa nje: hiyo ndiyo dume. Kifuniko kina mikato kwa ndani: hicho ndicho jike. Kimoja huzungushwa ndani ya kingine. Vikiwa havilingani ukubwa, huwekwa kipande cha kati, upande mmoja kipana na upande mmoja chembamba, ndiyo ridyusa. Ni hayo tu. Bi. Mkuu, kama ni hayo tu, kwa nini hamkusema "shingo" na "kifuniko"? Nani angevunja posa kwa sababu ya kifuniko?

(2) Trapu.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo Sahla alikuwa ameniambia, "Mama, trapu ya choo cha wageni imekauka. Hebu imwagie maji ndoo moja." Kiingereza changu ni cha kusikia redioni, lakini trapu naijua: ni mtego. Na nyumbani kwangu mtego ni wa panya. Nikajiuliza, mtego wa panya unamwagiwa maji ili iwe nini? Panya waoge? Nikaona mtoto amechoka, nikaendelea na udi wangu.

Choo hicho hatukitumii sisi. Ni cha wageni, na wageni wa kukitumia hatukuwapata tangu Idi. Sasa washenga wamekaa, wanajikusanya baada ya habari za dume na jike, na harufu ikaanza kuingia ukumbini. Haikubisha hodi. Ilikuja kama mwenye nyumba. Udi wangu, niliouagiza kwa mtu anayetoka Umangani, ukasalimu amri.

Mzee Stambuli akauliza msala uko wapi. Akaonyeshwa. Alipofika mlangoni Sahla akatoka jikoni mbio na leso yake, akapiga kelele: "Ami, ngoja! Usiingie! Pana trapu humo, bado sijaishughulikia!"

Mzee wa watu Kiingereza anacho, cha forodhani. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia, akauvuta nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mtego?" akauliza. "Chooni? Mmemtegea nani?"

Akarudi kuketi. Akabana magoti. Hotuba iliyoanza na ua katika bustani ilimalizika kama mtu anayesoma majina ya waliokosa kufika, na bustanini hakurudi tena.

Kumbe trapu si mtego. Ni kipande cha bomba kilichopindwa kama shingo ya bata. Maji kidogo hubaki humo siku zote, na hayo maji ndiyo kizuizi: huiambia harufu ya shimo ikae huko huko iliko. Choo kisipotumika, maji hayo hukauka, na harufu hupata njia. Ndoo moja tu ingetosha. Sisemi kwamba ningepaswa kuuliza. Nasema kwamba mngekiita shingo ya bata, ningemwaga maji hata kabla ya kumaliza bismillahi.

(3) Unioni.

Wanaume walipobaki wakitazamana, Bi. Mwanahija akaingia chumba cha wanawake kumkagua binti. Desturi inamruhusu. Akamtazama meno, akamtazama nywele, kisha akauona mkoba wa Sahla umefunguka, na ndani yake kitu cha shaba kinachong'aa. Akadhani ni pambo.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Unioni, shangazi," akasema Sahla, akafurahi, maskini ya Mungu, kwamba ameulizwa kitu anachokijua. "Yaunganisha bomba mbili. Lakini uzuri wake, siku ukitaka kuziachanisha, wafungua nati tu. Kila moja yaenda zake. Hakuna kukata, hakuna kuharibu."

Nilimkonyeza. Hakuniona.

"Nawe waipenda hiyo?" akauliza Bi. Mwanahija.

"Sana, shangazi. Mimi popote naweka unioni. Soketi nayo yaunganisha, lakini siitaki. Soketi ukishaipaka gundi ndiyo basi tena, mpaka ukate."

Bi. Mkuu, mwanamke amekuja kuozesha. Ameuliza swali moja. Amejibiwa kwamba bibi harusi anapendelea kitu kinachofunguka bila kukata. Wakaondoka kabla ya magharibi, na halwa wakaiacha. Watu wa Mambrui kuacha halwa ni jambo ambalo majirani wangu wanalizungumza mpaka leo.

(4) Lalamiko la nne lilihusu neno "nipo", ambalo Sahla asema ni kipande kifupi cha bomba chenye mikato ya nje pande zote mbili. Kero yangu ilikuwa kwamba nikiita, "Sahla, uko wapi?" naye akijibu, "Nipo," sijui kama ameitika au anaomba kipande cha bomba. Lakini Janet amekuja kunitembelea akanieleza, kidole chake kikiwa kifuani, neno hilo asili yake ni nini kwa Kiingereza. Nimelifuta lalamiko. Kalamu yangu imelelewa.

(5) Ealoki.

Nimesahau kusema kwamba kabla washenga hawajaondoka, kaka yangu alijaribu kuokoa jahazi. Akamgeukia Mahir, aliyekuwa ameketi tangu mwanzo akiangalia simu yake, akamwambia kwa upole, "Nawe mwanangu, sema neno. Binti wamtaka?"

Mahir akainua kichwa. Akafungua mdomo. Tukangoja. Akamtazama baba yake, akamtazama shangazi yake, akaufunga mdomo, akaufungua tena, kikatoka kitu kama kwikwi. Kisha akasema, "Kahawa nzuri."

Nilimsifu. Wallahi, jioni ile tukiondoa masinia nilimwambia Sahla, "Angalau kijana ni mpole." Sahla akasema, "Si upole ule, mama. Ni ealoki." Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akasema ni hewa inayokwama ndani ya bomba. Tangi limejaa juu ya dari, mfereji umeufungua mpaka mwisho, na chini hakitoki kitu ila kwikwi, kwa sababu hewa imekaa katikati na haiyapishi maji.

Nikacheka. Nimelea binti miaka yote hii nikimfundisha kutowacheka watu, na chuo chako kimenifanya nimcheke mkwe wangu mtarajiwa nikiwa na sinia lake mkononi. Lawama hiyo naiandika kwa jina la chuo.

(6) Noni-ritani.

Hili ni fupi. Kila Idi, tangu mazungumzo yaanze, nimepeleka Mambrui mkate wa sinia, na mara moja biriani. Masinia yangu hayajarudi. Nilikuwa nikijisemea kwamba watu wakubwa husahau. Sahla akaniambia, "Hapo mama pana noni-ritani," nikamkatalia kuieleza, akaieleza. Ni kidude kinachofungwa ndani ya bomba. Maji yakienda mbele kinafunguka, yakitaka kurudi nyuma kinajifunga chenyewe. Pampu hukihitaji ili maji yasirudi kisimani. Kilichonikera si maana yake. Kilichonikera ni kwamba tangu siku hiyo siwezi kumtazama Bi. Mwanahija bila kukisikia kikijifunga.

(7) Nimenenepa.

Zamani nyumba hii haikuwa na maji ndani. Nilikuwa nikichota kisima cha msikitini, ndoo baada ya ndoo, mimi na wanawake wenzangu, na habari zote za Shella tulizipata pale pale, mbichi, hazijaguswa na mtu. Sahla katika muhula wake wa kwanza akaleta bomba mpaka jikoni, akaweka mfereji juu ya sinki, akaniambia, "Fungua, mama." Nikafungua. Maji yakaja. Nilisimama nikaufunga na kuufungua kama mtoto.

Sasa sina sababu ya kwenda kisimani. Sina habari za mtu. Nimeota tumbo. Jirani mmoja alichinja mbuzi nikajua baada ya mbuzi kuliwa. Je, mnawafundisha wanafunzi wenu madhara haya, au mnawafundisha kuunganisha tu?

(8) Hili la nane nilitaka kuliacha, lakini barua ya malalamiko isiyosema linalouma ni karatasi ya kufungia karanga.

Siku chache baada ya Ijumaa hiyo Bi. Mwanahija alinipigia simu. Akasema wao si watu wa kuvunja neno. Mtoto ni mzuri wa sura na wa ukoo. Kwa hivyo watasamehe yaliyopita, ila chuo aache mara moja, na maneno yale yasisikike Mambrui, hata kwa mzaha. Nikasema naam. Nikasema alhamdulillahi. Nikasema ndiyo kabla ya kumuuliza anayeulizwa.

Sahla alikuwa juu ya paa, kwenye tangi. Nikamwita ashuke. Akashuka na spana mkononi, nikamwambia. Akaufuta mkono kwenye leso, kisha akasema:

"Mama, wataka wewe niache, au wataka wao?"

"Tofauti iko wapi?"

"Ipo. Nikiacha, nitakwenda Mambrui nikafanye nini?"

"Ukae," nikamwambia. "Watu huolewa wakakaa."

"Nikae tu?"

"Wanawake wangapi wamekaa, Sahla! Wewe ndiye wa kwanza?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

"Wewe ulikaa lini, mama?"

Bi. Mkuu, marehemu mume wangu alituacha Sahla akiwa bado hajui kufunga viatu. Nimepika mahamri kabla ya alfajiri, nimeshona kofia, nimefua nguo za watu, nimechota maji niliyokwisha kuyataja. Swali la mtoto lilikuwa la utovu wa adabu, kwa hivyo nilimwamuru aingie chumbani kwake. Akaingia. Mtu mzima, mwenye spana, akaingia.

Tangu hapo hatusemezani. Kila asubuhi anakwenda Ngomeni pamoja na wenzake na mwalimu wenu Karisa, wanakoweka mabomba ya zahanati. Akirudi husema, "Shikamoo, mama." Nami husema, "Marahaba." Basi. Tunakula tukitazama sahani. Nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba ningefurahi hata mfereji ukivuja, ningeusikiliza huo. Lakini ameukaza vizuri, hauvuji.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima.

Kwanza, Sahla afutwe chuoni kuanzia Jumatatu. Na asiondoke na maneno yenu. Mlimwazima, mmvue, kama mtu anavyovuliwa koti la kuazima mbele ya mwenye koti.

Pili, majina yote ya mabomba yakusanywe na kupelekwa mbele ya baraza la wazee wenye haya. Mpaka baraza litakapotoa uamuzi, pasiwepo dume litakaloingizwa katika jike lolote, kuanzia Mambrui hadi Kilifi, ila mbele ya walii na mashahidi wawili waadilifu, tena fundi awe na udhu. Ridyusa ikibidi kutumika, kadhi aulizwe. Unioni ipigwe marufuku kabisa, na palipokwisha kuwekwa, wenye nyumba waelezwe kwa upole kwamba mabomba yao hayajatulia.

Tatu, vyoo vyote vya wageni katika pwani yetu vibandikwe tangazo: HAPA HAKUNA MTEGO. Mzee Stambuli si mtu wa mwisho mwenye Kiingereza.

Nne, kwa kuwa chuo ndicho kilichoniharibia posa, na ikitokea kwamba hata baada ya kumfuta Sahla hawa wa Mambrui wamegeuka, basi chuo kinitafutie mchumba mwingine. Sifa zake si nyingi. Awe na dini, awe na kazi yake mwenyewe, na akiulizwa "wamtaka?" awe anaweza kutamka herufi zinazounda "ndiyo" au "la". Na sinia langu nikimpelekea, alirudishe.

Natumaini utalichukua jambo hili kwa uzito wake. Nakupa mpaka wiki ijayo, kisha nitakuja mwenyewe, na nikija huwa sikai nje.

Nisalimie walimu wote. Nisalimie Mwalimu Karisa, ingawa yeye ndiye chanzo, na umwambie binti yangu humtaja sana kwa heshima, jambo ambalo nimelisikia na sikulifurahia. Nisalimie Janet, umwambie akija tena asinieleze asili ya neno lolote. Nisalimie askari wa langoni, mpishi, na watoto wako ikiwa Mungu amekujaalia. Na ikiwa wamo wa kike, nakuombea wasomee ushoni.

Wako niliyekereka bila kukosa adabu,

Bi. Chiku wa Shella.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi nikaifungua tena, kwa hivyo usishangae bahasha ilivyoraruka.

Alhamisi Bi. Mwanahija alikuja mwenyewe kwangu kuchukua jibu la mwisho. Nilimpa chai. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mtoto ataacha, na barua ya kumfuta iko mezani. Kabla sijasema, akasema yeye. Kwamba huko Mambrui wamekaa tena wakaona kuacha chuo hakutoshi. Sahla aje apige magoti mbele ya Mzee Stambuli, wanawake wa ukoo wakishuhudia, aombe radhi kwa maneno yake. Halafu akashusha sauti kama mtu anayefichua aibu, akasema, "Na ile mikono yake, bibi. Nimeishika siku ile. Imekakamaa kama ya mvuvi. Itabidi ikae na hina na mafuta miezi kabla ya harusi, isije ikamtia aibu Mahir."

Nikaitazama mikono yangu mimi, ilikuwa imeshika birika. Kamba ya kisima imeipitia mpaka alama zimekataa kutoka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ingekaa na hina miezi mingapi.

Nikamwambia, "Mtafutieni Mahir mwenye mikono laini. Mimi nitamtafutia Sahla mwenye ulimi."

Akaacha chai kama walivyoacha halwa. Nikampeleka mpaka mlangoni, kwa adabu, maana mgeni ni mgeni.

Sahla aliporudi kutoka Ngomeni nikamwambia kila neno. Alikuwa amesimama na viatu vyake vya matope, nami kwa kawaida viatu hivyo haviingii ukumbini. Akakaa chini pale pale sakafuni akalia, kisha akacheka, kisha akauliza kama kimebaki chakula. Kimebaki, nikamwambia. Tukala, akanihadithia habari za Ngomeni zote, mbichi.

Kwa hivyo, Bi. Mkuu, tafadhali usimfute. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu ni ndefu, nimeinakili mara mbili, na si haki kuitupa. Isome yote, uhuzunike panapostahili, kisha usiitekeleze.

Nina ombi moja tu ambalo ni la kweli. Nimeambiwa vyeti mtavitoa mwisho wa mwaka. Nitakuja na wanawake wa mtaa mzima. Nijulishe tunaingilia mlango gani, na kama vigelegele vinaruhusiwa ndani ya ukumbi au tuvipigie nje, maana sisi kupiga kidogo kidogo hatujui.